Mechi 5 ndani ya siku 6: uchambuzi wa msimu wa 1899 wa timu ya chuo cha mlimani, Tennessee

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya makocha, mameneja wa timu na walimu wa michezo, hasa wale wanaobeba vijana kwenye basi au treni kwenda kucheza mbali na nyumbani. Kinahusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja kidogo cha kusini mwa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Majina ya vyuo, miji na tarehe nimeyaacha kama yalivyo kwa sababu yako kwenye kumbukumbu za wazi. Majina ya wachezaji na viongozi wa timu nimeyaondoa. Ninawataja kwa kazi zao tu.

Msimu huo umesimuliwa kwa zaidi ya miaka 100 kama habari ya wanaume wa chuma. Nikiutazama kwa jicho la mtu wa ratiba, ninaona jambo jingine: safari iliyopangwa kwa akili nyingi sana ili kuziba pengo la fedha, na miili ya vijana ikatumika kulipa kile ambacho maandalizi hayakuweza kukilipa.

Usuli

Chuo chenyewe ni University of the South, ambacho wengi hukiita Sewanee kwa jina la mji wake. Kiko juu ya uwanda wa Cumberland, jimbo la Tennessee. Kilianzishwa mwaka 1857 na Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wa Marekani, lakini Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikakirudisha nyuma, kikaanza kufundisha mwaka 1868. Kilikuwa chuo kidogo, msituni, mbali na mji wowote mkubwa.

Umbali huo ndio mzizi wa kisa hiki. Timu inayokaa mlimani haina watazamaji wa kutosha wa kulipa kiingilio. Mapato ya mlangoni yako mjini: Atlanta, Nashville, Montgomery, New Orleans. Sewanee ilikuwa na mechi moja kubwa ya kutegemea, ile ya Siku ya Shukrani (Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya kila Novemba) dhidi ya Vanderbilt, mahasimu wao wa Nashville. Mwaka 1899 vyuo hivyo viwili vilivurugana kuhusu mgawanyo wa mapato, na mechi haikuchezwa. Meneja wa timu, mwanafunzi wa miaka 20, akajikuta na kikosi kizuri lakini mfuko mtupu.

Mchezo ulivyokuwa wakati huo

Msomaji anayeijua futiboli ya leo ya Marekani aiweke kando kidogo. Mwaka 1899 pasi ya kwenda mbele ilikuwa marufuku. Iliruhusiwa mwaka 1906. Timu ilipewa nafasi 3 za kusogeza mpira yadi 5, kama mita 4 na nusu, la sivyo ikapoteza mpira. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ilikuwa pointi 5, na mkwaju wa ziada baada yake pointi 1. Mpira uliopigwa kwa mguu kupita kati ya nguzo nao ulikuwa pointi 5. Vipindi vilikuwa 2, kila kimoja dakika 35.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kusukumana. Mbeba mpira aliingia katikati ya rundo la watu huku wenzake wakimsukuma kwa nyuma, upande wa pili nao wakiwa wamejipanga ukuta. Kofia ngumu hazikuwa za lazima. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo msomaji aishike vizuri, maana inaeleza mengi: mchezaji akishatolewa, hawezi kurudi katika mechi hiyo. Nahodha aliyeumia akitoka dakika ya 10, timu imempoteza kwa dakika 60 zilizobaki.

Wala si kwamba hatari haikujulikana. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1897, mchezaji wa Georgia alikufa kwa majeraha ya mechi iliyochezwa Atlanta. Bunge la Georgia likapitisha sheria ya kuupiga marufuku mchezo huo. Gavana akakataa kuitia saini, baada ya mama wa marehemu mwenyewe kuomba mchezo usifutwe. Aliyepanga msimu wa 1899 katika majimbo hayo alijua kwamba mchezo huu unaua.

Yaliyotokea

Msimu ulifunguliwa Atlanta, Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba: Sewanee 12, Georgia 0. Jumatatu, katika mji uleule, wakaifunga Georgia Tech 32-0. Utaona kwamba mbinu ya kuunganisha mechi ilianza mapema. Ukishalipa nauli ya kwenda Atlanta, cheza mara mbili kabla ya kurudi. Tarehe 28 waliikaribisha Tennessee mlimani, 46-0, na tarehe 3 Novemba wakaishinda Southwestern Presbyterian 54-0.

Jumanne ya tarehe 7 Novemba kikosi kikashuka mlimani na kupanda treni kuelekea Texas. Wachezaji walikuwa 21, ingawa mzigo wa uwanjani ulibebwa na wachache kati yao. Walikuwa na behewa la kulala. Ndani yake walipakia mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao Sewanee, ili mtu asinywe maji ya ugenini.

Safari ilianza na balaa dogo la kawaida kabisa kwa yeyote aliyewahi kusafirisha timu: viatu vya kuchezea vilibaki nyuma. Ikabidi meneja apige telegramu ili vifuatishwe kwa treni nyingine, na vikawafikia kabla ya mechi ya kwanza.

Alhamisi tarehe 9, Austin: Sewanee 12, Texas 0. Katika mechi hii nahodha alipasuka kichwani. Walimbandika plasta, akaendelea kucheza. Usiku huohuo wakapanda treni.

Ijumaa tarehe 10, Houston: Sewanee 10, Texas A&M 0. Treni tena, usiku.

Jumamosi tarehe 11, New Orleans: Sewanee 23, Tulane 0.

Jumapili hawakucheza. Chuo kilikuwa cha kanisa, na mechi za Jumapili hazikuwepo kabisa katika mawazo ya watu hao.

Jumatatu tarehe 13, Baton Rouge: Sewanee 34, Louisiana State 0. Jumanne tarehe 14, Memphis: Sewanee 12, Mississippi 0. Kisha wakarudi mlimani. Mechi 5 ndani ya siku 6, pointi 91 za kufunga, 0 za kufungwa, na reli ya takriban kilomita 4,000 kwenda na kurudi.

Haikuishia hapo. Tarehe 20 waliifunga Cumberland 71-0. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya tarehe 30, walikuwa Montgomery kukutana na Auburn iliyofundishwa na John Heisman, yule ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani hadi leo ina jina lake. Hapo ndipo walipokaribia kuanguka: 11-10. Auburn ndiyo timu pekee iliyowafunga pointi yoyote msimu mzima. Siku mbili baadaye, Jumamosi ya tarehe 2 Desemba, walikuwa tena Atlanta na kuishinda North Carolina 5-0.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na ndio uliozaa mengine yote, ulikuwa kucheza mechi za safari mfululizo. Sababu yake ni hesabu ya nauli. Gharama kubwa ya kwenda Texas ni kufika kule. Ukishafika, kila mechi inayoongezwa njiani wakati wa kurudi inaleta mapato mapya bila kuongeza gharama kubwa. Meneja aliichora njia kama mduara: Austin, Houston, New Orleans, Baton Rouge, Memphis, nyumbani. Hakuna mahali aliporudia njia bure. Kila siku ya ziada hotelini ingekula fedha, kwa hiyo usiku ulitumika kusafiri na mchana kucheza. Kama kazi ya upangaji, ninaiheshimu kwa dhati. Kijana wa miaka 20, bila simu ya mkononi, kwa barua na telegramu, aliunganisha vyuo vitano na kampuni za reli, na mechi zote zikachezwa kwa tarehe yake.

Uamuzi wa pili ni maji. Wengine huyasimulia mapipa yale kama ushirikina wa timu. Mimi ninayaona kuwa ndiyo hatua ya kitabibu iliyokuwa ya busara kuliko zote walizochukua. Mwaka 1899 maji ya mji usiyoujua yalikuwa hatari ya kweli. Homa ya matumbo iliua watu wengi mijini Marekani, na dawa yake haikuwepo. Hata bila ugonjwa mkubwa, tumbo kuharibika kwa wachezaji wanne au watano siku ya Ijumaa kungeiua ziara nzima. Maji waliyoyazoea, kutoka chanzo wanachokijua, yaliondoa hatari hiyo kwa gharama ya mapipa mawili.

Wa tatu ni kumchukua mkandaji. Alikuwa Mmarekani mweusi, akihudumia timu ya vijana weupe watupu, na kazi yake ilikuwa kukanda misuli na kutunza majeraha usiku treni ikitembea. Walipita Louisiana miaka mitatu tu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo hilohilo, kuhalalisha kutenganisha abiria weusi na weupe ndani ya mabehewa. Mtu huyo ndiye aliyewawezesha kusimama asubuhi, na ndiye anayetajwa kwa uchache kuliko wote safari hii inaposimuliwa. Katika kumbukumbu za mchezo wa Marekani watu wa kazi yake wamepita hivihivi, na haipendezi.

Uamuzi wa nne ni wa uwanjani kule Austin: kumwacha nahodha mwenye jeraha la kichwa aendelee. Sababu inaeleweka ukiikumbuka kanuni ya kutorudi. Kumtoa kwa dakika 5 ili atazamwe kulikuwa sawa na kumtoa moja kwa moja, katika mechi ya kwanza kati ya tano, dhidi ya mpinzani mgumu. Kanuni yenyewe ilimsukuma kocha na mchezaji kwenye uamuzi mbaya.

Matokeo

Msimu uliisha kwa mechi 12, ushindi 12, pointi 322 kwa 10. Mechi zote hizo zilichezwa ndani ya wiki 6. Sewanee ikatambuliwa kuwa bingwa wa kusini.

Kwa muda mrefu zaidi picha ni tofauti. Mwaka 1905, vifo na majeraha viliposhtua taifa, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vikubwa kuzungumzia mchezo huo. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikaruhusiwa na yadi zikapandishwa kutoka 5 hadi 10, ili kupunguza kusukumana. Chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, kinachojulikana leo kama NCAA, kilizaliwa katika msukosuko huo.

Mmoja wa nyota wa kikosi cha 1899, aliyekuwa akicheza nafasi ya kubeba mpira katikati ya rundo, alikuja kukatwa miguu yote miwili, na historia ya timu hiyo inahusisha masaibu yake na majeraha ya futiboli. Siwezi kuandika juu ya pointi 322 nikaliruka hilo.

Chuo chenyewe kilibaki kidogo huku wapinzani wake wakikua. Kilikuwa mwanachama mwanzilishi wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, mwaka 1932, kikajitoa mwaka 1940 bila kushinda hata mechi moja ya ligi: 0 kati ya 37. Leo kinacheza daraja la vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nianze na Jumapili, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Masimulizi maarufu yanasema walishinda mara tano ndani ya siku sita, siku ya saba wakapumzika, kwa mfano wa uumbaji. Tarehe zinasema vingine. Pumziko lilikuwa katikati, kati ya mechi ya tatu na ya nne. Sasa tazama pointi kwa mfuatano: 12, 10, 23, pumziko, 34, 12. Ushindi mkubwa kuliko wote wa ziara ulikuja mara tu baada ya siku ya kupumzika, na siku iliyofuata pointi zikashuka hadi 12. Siyo ushahidi kamili, maana wapinzani hawakuwa na nguvu sawa; Texas na Texas A&M zilikuwa ngumu kuliko Tulane. Lakini mtu yeyote anayepanga ratiba angeiona alama hiyo na kuitilia maanani. Siku ile haikupangwa na kocha wala meneja kwa ajili ya misuli ya mtu. Ililetwa na imani ya dini. Ingekuwa mikononi mwa mpanga ratiba mwenye njaa ya mapato, ninahofu ingeuzwa.

La pili ni kwamba timu iliondoa kila jambo lisilotabirika ililoweza kuliondoa: maji, kitanda, mkandaji, njia. Tunapozungumzia nidhamu ya timu mara nyingi tunamaanisha wachezaji kuwahi mazoezini. Hapa nidhamu kubwa zaidi ilikuwa ya ofisi. Hata suala la viatu linafundisha: kosa lilitokea, lakini kulikuwa na muda wa siku moja na zaidi kati ya kuondoka na mechi ya kwanza, kwa hiyo likarekebishika. Lingetokea kati ya Austin na Houston lisingerekebishika. Nafasi ya kukosea iliwekwa mwanzoni mwa safari, kisha ikaisha.

Tatu, kanuni za mchezo ziliwasaidia zaidi ya inavyosemwa. Bila pasi ya mbele, timu iliyotangulia kufunga iliweza kushikilia mpira, kuupiga mbali kwa mguu, na kuacha muda uishe. Kutofungwa mechi 5 mfululizo lilikuwa jambo kubwa, ila lilikuwa linawezekana kwa namna ambayo leo haiwezekani. Anayelinganisha moja kwa moja vijana wale na wa sasa, na kuwaita wa sasa dhaifu, anaiacha kanuni nje ya hesabu.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la msingi halikuwa la mchezaji wala la kocha. Lilikuwa kwamba mtu aliyepanga ratiba ndiye huyohuyo aliyebeba mzigo wa fedha, na hakukuwa na mtu wa tatu mwenye uwezo wa kusema mechi hii haichezwi. Meneja alihitaji mapato. Kocha alihitaji ushindi. Wachezaji, wakiwa vijana na mbele ya wenzao, wasingekubali kukaa nje. Mkandaji aliijua miili yao kuliko wote, akijua nani goti limevimba na nani hajalala, lakini hadhi aliyopewa na jamii ile haikumruhusu kuzuia chochote. Maarifa yalikuwa kwa mtu mmoja, mamlaka kwa mwingine.

Jambo hili liko kwetu. Mashindano ya shule na vyuo Afrika Mashariki huchezwa kwa kukusanya timu kituo kimoja na kucheza mechi karibu kila siku, kwa sababu ileile ya Sewanee: nauli na malazi ni ghali, kwa hiyo siku zinabanwa. Kila timu ina kocha na mwalimu wa msafara. Swali la kuuliza kabla basi halijaondoka ni nani kati ya wasafiri anaweza kumtoa mchezaji nje bila kuomba ruhusa ya mtu anayetaka kushinda. Kama jibu ni hakuna yeyote, hata ratiba iwe nzuri vipi, mko pale walipokuwa wao mwaka 1899.

Kosa la pili ni kuchukulia ushindi kama ushahidi kwamba mpango ulikuwa salama. Baada ya Memphis wangeweza kusema: tumecheza tano na hakuna aliyekufa. Wakaendelea. Mwishoni mwa mwezi huo wakacheza Alhamisi Montgomery, na siku mbili baadaye, Jumamosi, Atlanta, na angalia pointi zenyewe: 11-10, halafu 5-0. Timu iliyokuwa ikifunga 46 na 54 mwanzoni mwa msimu ilimaliza ikishikilia ushindi kwa kucha. Sehemu ni ubora wa wapinzani, Auburn ilikuwa hodari kweli. Lakini mwili uliochoka hauumii siku ya uchovu tu. Jeraha la goti lisilopumzishwa mwezi wa kumi na moja linadai deni lake miaka mingi baadaye, mahali ambapo hakuna anayehesabu pointi, na yule mbeba mpira aliyekatwa miguu hana safu kwenye jedwali la msimu.

Kuhusu jeraha la kichwa la nahodha sitaki kuwahukumu watu wa 1899 kwa elimu ya leo. Leo tunajua kwamba anayepata pigo la kichwa lenye dalili za mtikisiko wa ubongo hutolewa na harudi siku hiyo, bila mjadala. Wao hawakuwa na elimu hiyo. Walichokuwa nacho ni kifo cha mwaka 1897 mjini Atlanta, walikokwenda kucheza mara tatu msimu huo. Hilo lilitosha kuwafanya wasite kwa dakika chache, na kanuni ya kutorudi ndiyo iliyozifanya dakika hizo kuwa ghali mno. Ndiyo maana katika michezo yetu ninaunga mkono kwa nguvu zote kanuni ya badiliko la muda, kama ile ya raga ya ngazi ya juu, inayomruhusu mchezaji aliyegongwa kichwa kutoka, kupimwa na daktari na kurudi ikiwa hana dalili hizo, huku mwenzake akishika nafasi. Waandaaji wa mashindano ya vijana wanaweza kuiandika kwenye kanuni zao za kituo bila kusubiri shirikisho.